Sekunde Tatu za Kwanza: Hotuba kwa Mafundi na Madereva wa Nakuru

Bwana mwenyekiti, wazee wetu wa karakana, mafundi wenzangu wa kike na wa kiume, madereva, na nyinyi wenye magari mlioacha shughuli zenu za Jumamosi ili kuja kutusikiliza, hamjambo. Kabla sijaanza nina ombi moja. Pale nje, chini ya mti, kuna gari aina ya Probox ambalo halijawashwa tangu jana jioni. Tafadhali asiliguse mtu, wala asijaribu kuliwasha hata kidogo tu. Tutalihitaji likiwa limelala hivyo hivyo.

Nimeombwa nizungumze juu ya injini zinazopiga kelele asubuhi zinapowashwa. Sisi tunaofanya kazi hapa Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya bahari, na zaidi wale wanaopokea magari kutoka Molo na Timboroa ambako baridi ya alfajiri huwafanya hata ng'ombe wasite kutoka zizini, tunaletewa malalamiko haya kila wiki. Mwenye gari huja akasema, "Fundi, asubuhi inalia kra-kra-kra, halafu inanyamaza yenyewe." Na mara nyingi, kabla hajamaliza maneno yake, sisi tumekwisha kumjibu kwamba gari limezeeka, tumwekee oili nzito. Nimekuja kuwaambia kwamba jibu hilo, ambalo nami nimelitoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa kawaida ndilo jibu lisilofaa kabisa kwa kelele ya namna hiyo. Kelele ya kuwashia gari huuliza swali moja tu: wakati injini ilipoanza kuzunguka, oili ilikuwa wapi?

Tuifuate basi hiyo oili kwa akili kabla hatujaifuata kwa spana. Injini ikizimwa, oili hutiririka polepole kutoka juu na kurudi kwenye sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Hilo ni jambo la kawaida. Kinachopaswa kubaki juu ni utando mwembamba uliong'ang'ania vyuma, pamoja na oili iliyobaki ndani ya filta na ndani ya mifereji ya injini. Ukiwasha, pampu huivuta oili ya sampu kupitia bomba lenye wavu mdomoni, huisukuma ndani ya filta, kisha kwenye mfereji mkuu, kwenye beringi za krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na za konrodi, ile mikono inayoiunganisha na pistoni, na mwisho kabisa kule juu kwenye kemshafti, shafti inayofungua valvu za injini. Krenki iliyosimama huwa imelala juu ya beringi yake. Inapozunguka hujivutia kabari ya oili inayoinyanyua, na nafasi kati ya vyuma hivyo viwili, katika injini nyingi za magari madogo, haizidi sehemu chache za mia za milimita. Kwa hiyo kila sekunde ambayo mifereji iko mitupu, vyuma vinategemea ule utando wa jana. Wahenga waliposema debe tupu haliachi kuvuma hawakuwa na habari za injini, lakini sijui kama kuna fundi angeweza kulisema jambo hili vizuri zaidi.

Sasa, mteja anapokuja, swali la kwanza lisiwe la mwaka gani gari lilitengenezwa wala limetembea kilomita ngapi, kwa sababu sote tunajua namba za kwenye dashibodi hutegemea nani alizigusa mwisho. Muulize kelele hudumu kwa muda gani, na huja baada ya gari kusimama kwa muda gani. Kelele ya sekunde moja au mbili inayokatika ghafla, kana kwamba mtu amefunga mlango, ni ya kitu kilichokuwa kikisubiri presha ya oili na kikaipata. Kelele inayofifia taratibu kwa dakika kadhaa, kadiri injini inavyopata joto, mara nyingi ni ya nafasi kati ya vyuma ambayo joto linaiziba: pistoni iliyolegea ndani ya silinda, kwa mfano, au gasketi ya manifoldi ya moshi inayovuja mpaka chuma kitanuke. Kelele ambayo haipo asubuhi lakini inazuka injini ikishachemka, hiyo iogopeni zaidi, maana oili imekuwa nyepesi na beringi iliyolika imeshindwa kuishikilia.

Msisahau mahali gari lilipolala. Kuna mteja mmoja ambaye pikapu yake ilikuwa ikilia kila alfajiri kule Molo, na sote karakanani tukakubaliana kwamba ni baridi. Kisha akaipeleka Kisumu, akaiegesha juani saa sita mchana, akarudi saa nane kuiwasha, nayo ikalia vilevile. Baridi haiwezi kulaumiwa saa nane mchana mjini Kisumu. Safari ile ilitupa habari ambayo siku tatu za kubishana hazikutupa: oili ilikuwa ikiikimbia filta kila gari likisimama, kuwe na baridi au kuwe na joto. Tulipomwekea filta yenye valvu nzima, kelele ikakoma.

Hapa niseme kidogo juu ya valvu hiyo, kwa sababu wengi tunanunua filta kwa kuangalia rangi na bei. Ndani ya filta nyingi za kufunga kwa kuzungusha kuna kipande cha mpira au silikoni kilicho kama sahani, kazi yake ikiwa kuruhusu oili iingie na kuizuia isirudi nyuma injini ikizimwa. Mpira huo ukikakamaa kwa joto, au ikiwa mtengenezaji aliamua kubana gharama mahali ambapo mnunuzi hawezi kuona, filta humwagika usiku kucha, na asubuhi pampu hulazimika kuijaza kwanza ndipo ihudumie injini. Filta iliyofungwa kwa kulala ubavu, au iliyopinduliwa mdomo ukiangalia chini, huitegemea valvu hiyo kuliko filta iliyosimama mdomo juu. Kuijua filta yenye kasoro ni kazi ya dakika 5: gari likilala kwako, ifungue asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa ni ya kulala au ya kupinduliwa na umeikuta imekauka au imebaki na oili kidogo tu, umepata mahali pa kuanzia, na hujagusa hata nati moja ya injini.

Swali la pili ni mahali kelele inapotoka na mwendo wake. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye chuma na mpini wake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, ukijihadhari na mkanda na feni. Wenye kifaa cha kusikilizia kama cha daktari ni bora zaidi. Kemshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo mlio wa juu, wa valvu za injini na tapeti, vile vipande vinavyozisukuma, huenda kwa nusu ya mwendo wa krenki, nao ni mwepesi, kama cherehani. Mlio wa mbele, wa kukwaruza kama mnyororo unaoburutwa ndani ya ndoo, ukielekeza bisibisi kwenye mfuniko wa cheni, hukupeleka kwa cheni ya taimingi, ile inayoiunganisha krenki na kemshafti, na kibanio chake kinachosukumwa na oili, au kwa ile gia ya kemshafti inayobadilisha taimingi yenyewe, ambayo katika Toyota tunaijua kwa jina la VVT-i. Ndani ya gia hiyo kuna pini inayoifunga mpaka presha ifike. Pini ikilika, gia hugonga kushoto na kulia kwa muda mfupi kila asubuhi. Nimeona watu wakibadilisha cheni nzima kwa ajili ya pini hiyo.

Jambo jingine ambalo hutupotosha ni kudhani kwamba kila injini ina tapeti zinazojirekebisha kwa oili. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ambayo iko ndani ya magari mengi yanayopita kwenye barabara zetu, Probox na Fielder zikiwemo, haina tapeti za namna hiyo. Nafasi ya valvu zake hurekebishwa kwa kuchagua vikombe vya unene tofauti. Ukiisikia ikigonga juu mfululizo, asubuhi na jioni, baridi na joto, basi hata ukiiosha kwa dawa za chupa mwezi mzima hutaponya kitu. Pima nafasi za valvu kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, uache kuisingizia oili.

Mlio wa chini ndio unaotutoa jasho. Huo ni mzito, unasikika kwenye sampu, huenda na kila mzunguko wa krenki, na hukua ukiongeza mafuta au ukilibebesha gari mzigo. Katika injini ya petroli, katisha moto wa silinda moja moja kwa kuchomoa plagi ya umeme ya injekta yake: mlio ukipungua sana au ukibadilika ulipofika kwenye silinda ya tatu, tuseme, beringi ya konrodi ya tatu imekwisha kujitambulisha. Kwa dizeli za zamani tulikuwa tukilegeza nati ya bomba la injekta ili kupata jibu hilohilo. Lakini kwenye dizeli za sasa za reli moja, ambazo presha ya mafuta yake hupita bar 1,000, usilegeze kitu injini ikiwa inazunguka, kwa sababu mafuta yatokayo kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Tafadhali wafundisheni vijana wenu hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Nirudi kwenye oili nzito, maana ndilo nililokuja kulisema. Maandishi ya 5W-30 au 20W-50 kwenye debe yanatokana na kipimo cha SAE. Namba ya kwanza, iliyo na herufi W ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi, huonyesha oili inavyojiendesha ikiwa baridi, na namba ya pili huonyesha unene wake injini ikiwa imechemka. Kwa nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya daraja la 30 ina unene kati ya sentistoki (kipimo cha unene wa oili) 9.3 na 12.5, na ya daraja la 50 kati ya 16.3 na 21.9. Zikiwa baridi, tofauti kati yao hupanuka maradufu na zaidi. Sisemi kwamba 20W-50 haitavutika alfajiri ya Timboroa. Itavutika, kwa kuwa hata baridi yetu kali ni mzaha mbele ya nyuzi ambazo kipimo hicho huzitazamia. Ninachosema ni kwamba itachelewa, na itachelewa katika sekunde zilezile ambazo mteja amekuja kulalamikia.

Kuna mtego mwingine ndani yake. Pampu ya oili ina valvu ya kupunguza presha, ambayo hufunguka presha ikizidi kiwango fulani na kuirudisha oili nyuma bila kuipeleka kwenye beringi. Oili nene iliyo baridi hupata upinzani mkubwa kwenye mifereji, presha hupanda, valvu hufunguka, na sehemu kubwa ya oili huishia kuzungukazunguka pale chini. Geji inaonyesha namba nzuri kabisa. Kemshafti iko juu inasubiri. Presha na mtiririko si kitu kimoja. Mwenye bomba la maji lililoziba nyumbani anajua kwamba geji inaweza kuonyesha presha huku ndoo ikichukua nusu saa kujaa.

Miaka iliyopita nililetewa matatu ya abiria 14 iliyokuwa ikifanya safari za Nakuru na Kericho. Asubuhi ililia chini kwa sekunde 7 au 8, kisha ikatulia. Nilimwaga oili yake, nikajaza 20W-50, ikatulia zaidi, dereva akanipa asante na pesa yangu, nami nikajisifu. Wiki tatu hazikuisha nikapigiwa simu kwamba imenoki, yaani injini imeharibika, karibu na njia panda ya Londiani, abiria wameshushwa kando ya barabara na mvua inanyesha. Tulipoiteremsha sampu tulikuta ule wavu wa bomba la kuvutia oili umezibwa zaidi ya nusu na vipande vya silikoni nyekundu, vile vijinyama vinavyochuruzika ndani mtu anapobandika sampu kwa kumimina silikoni kama anayepaka siagi kwenye mkate. Ningependa kuwaambia kwamba kazi hiyo ilifanywa na fundi mwingine. Niliifanya mimi mwenyewe, miezi kadhaa kabla, nilipobadilisha gasketi ya sampu ileile. Injini ilikuwa ikinyonya kupitia tundu dogo kwa sababu yangu, ikalia kuniomba msaada, nami nikaiongezea kinywaji kizito zaidi ili inyonye kwa shida zaidi.

Tangu siku hiyo, injini inayolia chini wakati wa kuwashwa haiondoki kwangu kabla sijaijua hali ya wavu. Silikoni si adui, ila ipakwe uzi mwembamba, iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, na sehemu za kubandika zisafishwe mpaka zing'ae. Adui wa pili ni tope jeusi la oili iliyokaa kupita wakati wake, hasa kwa magari ya safari fupi za mjini ambayo injini hazichemki vya kutosha kufukuza unyevu. Tope hilo nalo lina hila zake: ukiliosha kwa dawa kali ya kusafishia injini, linabanduka kwa mabonge, na mabonge huenda moja kwa moja kwenye wavu. Injini chafu sana niliyoikuta na tope chini ya kifuniko cha valvu siioshi kwa dawa; naiteremsha sampu, nausafisha wavu kwa mkono, kisha nambadilishia mwenye gari oili na filta mara mbili tatu kwa vipindi vifupi. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko krenki.

Filta ya zamani usiitupe kabla hujaisoma. Ikate kwa kikatio cha mviringo, usitumie msumeno wa chuma kwa sababu utaijaza unga wa chuma kisha ujitishe bure. Kunjua karatasi yake juani. Vimeremeta vichache vya kijivu kwenye injini ya umri mkubwa havinitishi. Rangi ya shaba hunitisha, maana ni tabaka la ndani la beringi linalokuaga. Pitisha na sumaku: kinachonasa ni chuma cha cheni, kemshafti au pampu, na kisichonasa ni alumini au beringi. Na nusa kijiti cha kupimia oili. Kikinuka petroli, oili imechanganyika na mafuta na imekuwa nyepesi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hiyo ni hotuba nyingine.

Nimesikia fundi akimwambia mteja kwamba taa ya oili imezimika, hivyo kila kitu ni salama. Swichi ya taa hiyo huzimika kwa presha ndogo mno, sehemu tu ya bar moja, na mara nyingi imefungwa mahali ambapo oili hufika mapema. Kuzimika kwake ni habari kwamba oili imefika pale ilipo swichi. Ukitaka ukweli, ifungue swichi, ufunge geji ya mkono yenye uzi unaolingana, uwashe, na uhesabu. Hesabu sekunde tangu injini iwake mpaka sindano inyanyuke. Hesabu tena injini ikiwa imechemka kabisa, bila kukanyaga mafuta, halafu kwa mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika. Kanuni ya zamani ya mafundi ni presha ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, ingawa kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho, na injini nyingi ndogo huruhusiwa kushuka chini sana zikiwa zimechemka bila kukanyagwa mafuta. Sindano inayochelewa asubuhi kisha ikasimama vizuri siku nzima huelekeza kwenye filta, wavu, au oili isiyofaa. Inayonyanyuka upesi asubuhi na kulala injini ikichemka huelekeza kwenye beringi au pampu iliyolika. Geji ya namna hiyo si ghali, na karakana tatu zinaweza kuchanga zikanunua moja.

Kwa madereva nitakuwa mfupi. Ukiwasha gari asubuhi usilikanyage ili "lipate moto". Liache lijipe sekunde kumi kumi na tano, kisha uondoke taratibu. Taa ya oili ikiwaka njiani, zima injini ukishafika kando ya barabara salama, usiseme utafika kwanza stendi. Gari lililokaa miezi bila kuwashwa, muombe fundi alizungushe kwa stata huku mafuta yakiwa yamekatwa, kwa vipindi vifupi, mpaka taa izimike, ndipo liwashwe. Na mwelezeni fundi historia yote ya gari, hata ile ya aibu, kwamba mlikwenda kilomita 15,000 bila kubadilisha oili, kwa sababu mficha uchi hazai.

Bwana mwenyekiti, saa yangu inaniambia niketi, lakini ile Probox haijaketi kwa faida yetu tangu jana ili tuipite tukielekea kwenye chai. Jana jioni niliiondolea swichi ya oili, nikafunga geji mahali pake, na filta iliyo ndani yake ni ya bei ya chini kabisa niliyoipata sokoni. Ninaomba watu wawili: mmoja ashike saa, mwingine aweke bisibisi kwenye mfuniko wa cheni. Wengine tunyamaze, na simu zizimwe, kwa maana tutaisikia mara moja tu.